Kunakshi Ngozi kwa Anayeanza: Kuanzia Kishikio cha Funguo hadi Bangili

Wengi wanaotaka kujifunza kunakshi ngozi huanza kwa kununua mihuri, vile vyuma vidogo vya kupigia nakshi. Wanaagiza kisanduku kizima, wanaomba kipande cha ngozi kwa fundi viatu, wanapiga maua na majani kwa bidii, na kufika jioni alama zimefifia kana kwamba hakuna aliyepiga kitu. Hapo hulaumu mihuri. Mihuri haina kosa. Kwanza ngozi haikuwa yenyewe, na hata ingekuwa yenyewe, huenda maji yalikosewa. Ukishaijua ngozi inayopokea nakshi na unyevu inaoutaka, hata boliti iliyosagwa kwa tupa itakutolea jani la kupendeza.

Ninapendekeza vitu vitatu vidogo, kwa mpangilio huu: kishikio cha funguo, kiweko cha glasi, kisha bangili. Kila kimoja kinafundisha jambo ambalo kilichotangulia hakikufundisha, na vyote vinatoka kwenye vipande ambavyo mafundi wa mikanda na mikoba huviona ni masalia. Mkoba au mkanda usiuguse kwanza. Ukikosea sentimita moja ya mkanda umepoteza mita nzima.

Ngozi ipi

Ngozi nyingi za madukani zimesindikwa kwa chumvi za kromiamu. Ni njia ya haraka, na ngozi yake huwa laini na haiogopi maji. Ndiyo ya viatu vingi, mikoba na makochi. Ukiitazama ubavuni, pale ilipokatwa, mara nyingi utaona rangi ya kijivu au bluu hafifu katikati. Hiyo haishiki nakshi: unaibonyeza, inarudi ilivyokuwa.

Unayoitaka ni ngozi iliyosindikwa kwa tanini ya mimea. Kwa upande wetu mti maarufu wa kazi hiyo ni mwati, ambao magome yake yana tanini nyingi. Njombe kuna mashamba makubwa ya miwati, na kampuni ya TANWAT ilianzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya biashara hiyo ya magome. Ngozi ya magome ni ya hudhurungi hafifu, ina ukakamavu, inanukia kama mbao, na ukiilowesha inakubali kubonyezwa na kubaki hivyo hivyo.

Kuipima dukani ni rahisi. Tia tone la maji upande wa juu: ngozi ya magome hulinyonya na kuwa nyeusi kidogo pale pale. Bonyeza ukucha kwenye sehemu iliyolowa. Alama ikibaki kali, nunua. Tone likikaa juu bila kuzama, ama ngozi imepakwa vanishi au si yenyewe, na kwa vyovyote haikufai, kwa sababu maji ndiyo yatakayoifanya kazi.

Unene wa milimita 2.5 hadi 3.5 unatosha kwa kishikio na kiweko; kwa bangili tafuta 2 hadi 2.5. Ngozi ya mbuzi huwa nyembamba mno kwa kazi hii. Omba sehemu ya mgongo, maana nyuzi zake zimeshikana. Ya tumbo hulegea na kuvutika ukiipiga, ingawa kwa mazoezi tu haina neno na bei yake ni ya chini. Kagua pia makovu. Ng'ombe wetu wengi wana chapa za moto, mikwaruzo ya miiba na vidoti vya kupe, na kovu likiangukia katikati ya ua halifichiki. Kwa kuwa unatengeneza vitu vidogo, unaweza kuyakwepa yote.

Nairobi, pa kuanzia ni soko la Kariokor, penye mafundi ngozi wengi. Kwingineko, mfuate fundi makubadhi au fundi mikanda umuulize anakonunua. Ukitaka kwenda mbali zaidi, tawi la Mwanza la Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi.

Vifaa, na vile usivyohitaji

Kifaa kimoja ambacho sikushauri ukiundie nyumbani ni kisu cha mzunguko. Ni kisu kifupi chenye shina la mviringo, na juu yake pana tandiko linalopokea kidole cha shahada. Kidole hicho kinakandamiza, kidole gumba na cha kati vinalizungusha shina, na wembe unafuata mchoro. Kisu cha kawaida hakiwezi kupinda hivyo.

Mihuri sita inatosha kwa mwaka mzima. Mihuri ya Marekani, na mingi inayoigwa kutoka kwao, hupigwa herufi na namba kwenye shina, na herufi ndiyo inayokuambia kazi yake. B ni muhuri wa mteremko, unaoshusha ngozi upande mmoja wa mkato ili upande wa pili uonekane umeinuka. P ni wa kivuli, A ni wa kukandamiza usuli, yaani eneo tupu linalozunguka mchoro, V ni wa mishipa ya majani, S ni wa mbegu za katikati ya ua, na C hutia mapambo kwenye vikonyo na kingo za petali. Ukiwa na fedha za muhuri mmoja tu, nunua B. Nakshi nzuri ya B peke yake inaonekana imekamilika, wakati mihuri mitano bila B ni madoa tu.

Miwili kati ya hiyo unaweza kujitengenezea. Chukua boliti ya chuma kisichoshika kutu, isage ncha iwe na mteremko, pande za mbele uziviringe, kisha isugue kwa msasa laini hadi ing'ae. Huo ni muhuri wa mteremko. Nyingine ichanje mistari inayokatana kwa tupa ya pembe tatu, nao ni wa usuli. Msumari wa kawaida nauogopa. Chuma kikigusana na tanini kwenye maji hutoa weusi, na vumbi la tupa lililobaki kwenye ncha litaacha vidoti vyeusi visivyotoka. Kwa sababu hiyo hiyo, osha mikono na uifute meza kabla ya kulowesha ngozi.

Kwa kupigia, tumia nyundo ya mbao au ya plastiki ngumu. Nyundo ya chuma inaharibu vichwa vya mihuri na inarusha mkono. Chini ya ngozi weka jiwe: kipande cha granaiti kwa mafundi wanaokata kaunta za jikoni kinafaa sana, na mara nyingi wanakitupa. Kiweke juu ya blanketi lililokunjwa, pale ambapo mguu wa meza uko chini yake moja kwa moja. Pigo linakuwa imara na jirani wa ghorofa ya chini anapumzika. Ongeza sponji, rula, bikari, karatasi ya plastiki ya kufunikia madaftari, kalamu ya wino iliyokwisha, na kijiko kidogo chenye mpini laini.

Wembe wa kisu ni lazima uwe na makali yanayong'aa. Usiuchezee kwenye kinoo mara kwa mara. Chukua kadibodi ya nyuma ya daftari, ipake dawa ya kung'arishia chuma, na uvute wembe juu yake kwa kurudi nyuma, ukilaza mteremko wake sawasawa. Fanya hivyo kila unapohisi kisu kinakwama. Wanaoanza huukandamiza mkono zaidi badala ya kunoa, na hapo ndipo mistari inapoanza kuyumba.

Maji

Hapa tulia, maana makosa mengi yanaanzia hapa.

Lowesha kipande kwa sponji, kwanza upande wa nyuma kisha wa juu, hadi rangi iwe nyeusi sawia bila mabaka. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, funga, na ukiache saa mbili au tatu, au usiku kucha ukipenda. Maji yanahitaji muda wa kufika katikati. Ukikitoa, usianze. Subiri juu ya meza hadi rangi yake ya asili ianze kurudi usoni, huku ndani kukiwa bado na unyevu. Kiguse shavuni: kama kina ubaridi lakini hakikulowanishi, kimefika.

Alama ya uhakika zaidi ni pigo la kwanza. Muhuri ukiacha chapa ya hudhurungi iliyokolea kuliko ngozi iliyoizunguka, unyevu ni sahihi. Maji yakichuruzika pembeni ya muhuri, au chapa ikawa pana na laini laini, bado ni mapema. Chapa ikiwa ya rangi ile ile ya ngozi na kisu kinakwaruza badala ya kuteleza, umechelewa. Pitisha sponji iliyokamuliwa upande wa juu, subiri dakika chache, endelea.

Hali ya hewa inabadili kila kitu. Dar es Salaam mchana, na feni ikizunguka, kipande kidogo kinakauka ukiwa bado unakata. Zima feni, au fanya kazi asubuhi. Limuru, kwenye baridi ya nyanda za juu za Kenya, utangoja hadi uchoke. Na pwani usikisahau kipande chenye maji kwenye mfuko kwa siku mbili, kitaota ukungu. Ukilazimika kukiweka, kiweke kwenye friji.

Maji yenyewe nayo yachague. Ya kisima yenye chuma, au ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu, yanaweza kuipaka ngozi kijivu. Ukiona doa usilolielewa, jaribu maji ya chupa kabla ya kulaumu ngozi.

Kishikio cha funguo: jani moja

Kata kipande cha sentimita 12 kwa 6, hata kama kishikio chako kitakuwa cha 10 kwa 4. Ngozi ikipigwa hupanuka, hivyo umbo la mwisho hukatwa baadaye. Nyuma yake bandika gundi ya karatasi pana, ile ya kufungia maboksi, ili isivutike. Gundi hiyo ibandike ngozi ikiwa kavu, kisha lowesha upande wa juu pekee.

Mchoro uchore kwenye plastiki: jani moja refu lenye mshipa wa katikati na kikonyo kifupi. Ngozi ikifika unyevu wake, weka plastiki juu, pitisha kalamu isiyo na wino kwa mkono mwepesi, na mchoro utaonekana. Karatasi ya kaboni usiitumie kabisa, wino wake hautoki.

Sasa kisu. Kishike kimesimama wima ukikitazama kutoka mbele, kikiwa kimelala kidogo kuelekea mbele ukikitazama ubavuni, na ukivute kuja kwako. Kina kiwe theluthi moja ya unene hadi nusu, si zaidi. Kwenye mikunjo zungusha ngozi pamoja na shina la kisu, mkono usijipinde. Mkato uanze kwa kina na uinuke taratibu unapoisha, ili ncha yake ipotee. Mikato miwili isikatane: kila mmoja usimame karibu na mwenzake bila kuugusa, kwa sababu pale inapokatana ngozi hunyanyuka na kuchanika.

Kabla ya jani halisi, jaza kipande kizima cha masalia kwa mistari iliyonyooka na mikunjo ya herufi S. Inachosha, lakini kisu hakijifunzwi kwa njia nyingine.

Muhuri wa mteremko hushikwa kwa vidole, mkono umetulia mezani, ncha ikielea juu ya ngozi kidogo tu. Upande mnene uingie kwenye mkato, upande mwembamba utazame nje ya jani. Piga pigo dogo, sogeza muhuri kiasi kisichofika nusu ya upana wake, piga tena. Mdundo ukiwa sawa, muhuri unatembea wenyewe na mteremko unatoka laini. Ukiona ngazi ngazi, unasogeza hatua kubwa mno au nguvu za nyundo zinapishana. Zisawazishe kwa mpini wa kijiko ngozi ikiwa bado na unyevu.

Zunguka jani lote kwa nje, na kwenye mshipa wa katikati shusha upande mmoja tu. Kisha kivuli: piga P kutoka karibu na mshipa kwenda kingoni, mapigo yakipungua nguvu. Mishipa ya V hufuata, ikielekea kule jani linakochipukia. Usuli wa A uwe karibu na mwisho, na uishie kwa mapigo hafifu unapotoka mbali na jani, la sivyo litaonekana limekatwa na kubandikwa. Mwisho kabisa ni mikato ya urembo, miwili au mitatu mifupi kwa kisu ndani ya jani. Ukiwa na shaka, iache.

Hatua hizi zimezoeleka kwa mafundi wa matandiko ya farasi wa magharibi ya Marekani. Mji wa Sheridan, Wyoming, ulikuja kuwa jina la mtindo mzima kupitia kazi za Don King, aliyefanya maua yazungukwe na vikonyo vinavyojiviringa. Ni mtindo wa kuvutia mno, na kwa anayeanza ni mgumu mno. Kwa maoni yangu milango ya Zanzibar na Lamu inamfaa zaidi, maana nakshi zake zinaanza na duara, mnyororo na petali zinazojirudia, vitu ambavyo bikari na rula vinaviweza.

Kiweko cha glasi: waridi la bikari

Chora duara la kipenyo cha sentimita 10 kwenye plastiki, na ndani yake jingine la nusu kipenyo cha sentimita 4. Bikari usiibadili upana. Simika ncha yake popote kwenye mstari wa duara la ndani, chora tao linalopita katikati, hamia pale tao lilipokata mstari, endelea. Baada ya matao sita utakuwa na waridi la petali sita zilizochongoka.

Ncha za petali zinakutana katikati, na ukizikata zote zitakatana. Acha kiduara cha milimita 3 bila mkato, halafu kipambe kwa muhuri wa mbegu. Shusha nje ya kila petali, kandamiza usuli uliobaki kati yake, na ukingoni zungusha mstari mmoja wa kisu ukiwa na mteremko upande wa ndani. Hiki ndicho kitu cha kurudia sana. Viweko sita vya seti moja vitakuonyesha wazi mkono wako ulipoyumba, kwa sababu vitakaa mezani pamoja.

Kata duara la nje baada ya kukauka, ukifuata kifuniko cha kopo au umbo la kadibodi. Ukilikata mapema litageuka yai.

Bangili: mnyororo

Pima mzingo wa kifundo cha mkono, ongeza sentimita 2.5 za kupishana kwa kifungo cha kubonyeza. Upana wa 3 unatosha. Mchoro ni pete zinazoingiliana, kama kwenye fremu za milango ya zamani.

Ugumu wake si kukata, ni kuamua upande wa kushusha. Kila pete inapita juu ya jirani yake mahali pamoja na chini yake mahali pengine. Kanuni ni hii: unashusha kilicho chini, pale kinapoguswa na kilicho juu. Kabla ya kulowesha, chukua penseli na uweke kivuli kwenye mchoro wa karatasi kila mahali utakaposhusha. Ukifika mwisho na pete moja ikawa juu pande zote, mchoro una kosa, na ni afadhali kuligundua kwenye karatasi.

Mikato ya bangili iwe myepesi, theluthi ya unene tu. Ngozi itakunjwa, na mkato wa kina unaopita kwa upana utafunguka kama kidonda. Ukimaliza nakshi, na ngozi ingali na unyevu, izungushe kwenye chupa yenye unene wa mkono, ifunge kwa kitambaa laini, iache hadi kesho.

Rangi, kingo na umaliziaji

Kausha kivulini siku nzima. Jua huikunja ngozi na kuibadili rangi. Kisha pitisha mafuta ya zeituni kidogo kwa kitambaa. Yaliyozidi huifanya ngozi ilegee na kuwa nyeusi.

Nakshi huonekana zaidi ikiwa na rangi nzito kwenye mabonde. Paka kwanza tabaka jembamba la vanishi ya ngozi, iache ikauke kabisa, kisha sugua kiwi ya kahawia na uifute mara moja. Inabaki chini, juu panang'aa. Ukipaka kiwi bila kutanguliza vanishi, ngozi itainywa yote na mchoro utazama.

Kingo zikate kona kwa msasa, zilowe kidogo, zisuguliwe kwa kitambaa cha jinzi, halafu nta ya nyuki na kusugua tena. Kijiti cha mpingo kilicholainishwa kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko vifaa vingi vya kununua, na wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, wana masalia tele. Pete na vifungo chagua vya shaba, maana vya chuma vitatia weusi kwenye ngozi siku ya kwanza ya jasho.

Bangili ikikaa kabatini pwani na kuota ukungu, ifute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, iache upepo uipite kivulini, kisha uipake nta upya.